Maneno 250 kwa Siku: Kujiwekea Mwendo Unapoandika Riwaya



Vijana wenzangu, najua tupo wengi tunaoandika. Kuna wanaotunga nyimbo za kwaya, kuna wanaoandika maigizo ya Noeli na Pasaka, na kuna wale wenye riwaya imefichwa kwenye simu ambayo hata ndugu zao hawajui kama ipo. Somo la leo ni la hao wa mwisho, ingawa hata anayejiandaa na mtihani au anayejifunza kinanda ataokota chake. Swali letu ni moja tu: niandike kiasi gani kwa siku ili nifike mwisho?

Hebu nianze na aibu yangu mwenyewe.

Novemba ya mbio

Novemba ya mwaka jana nilijiunga na marafiki watatu kufuata ule mtindo ulioanzia Marekani mwaka 1999, wa kuandika maneno 50,000 ya riwaya ndani ya siku 30 za Novemba. Ukigawanya, ni maneno 1,667 kila siku. Nilivyoisikia hiyo hesabu nikasema, kwani shida iko wapi? Mwezi mmoja tu, halafu mimi ni mwandishi.

Riwaya yenyewe ilikuwa na sababu. Babu yangu anaishi Ukerewe. Ana miaka 86. Ujana wake wote ulikuwa ziwani, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akinisimulia jinsi walivyovua, walivyooa, walivyozikana, walivyogombana na kupatana. Siku moja nikamwahidi: "Babu, haya yote nitayaandika kitabu, na utakisoma." Akacheka, akasema macho yake hayasomi tena, basi nimsomee mimi. Tukakubaliana hivyo. Halafu mwezi wa kumi mwaka jana shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, babu yako siku hizi anauliza jambo moja mara tatu. Jana ameniuliza mimi ni nani." Ndipo nikaona muda haupo. Nikakimbia.

Mimi nafanya kazi Mwanza, kwenye duka la steshenari. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunaprinti kadi za harusi na ratiba za mazishi. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa moja jioni. Kwa hiyo maneno yangu 1,667 yalikuwa ya usiku. Siku ya kwanza niliyapata, nikalala saa saba. Siku ya pili nikayapata, saa nane. Siku ya tano nikapata 900, nikajiambia zilizobaki nitazilipa kesho. Kesho yake nikapata 600. Nikaanza kunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, viwili kwa usiku mmoja.

Ilipofika siku ya 14 nilitakiwa niwe na maneno 23,338. Nilikuwa na 12,100. Deni: 11,238. Ili nimalize, ilibidi sasa niandike karibu maneno 2,370 kila siku kwa siku 16 zilizobaki. Yaani nilikuwa nimeshindwa mzigo mdogo, na dawa yake ikawa kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Asubuhi ya siku ya 15 akaja baba mmoja na mwanawe. Walitaka nakala 150 za ratiba ya Misa ya mazishi. Nikachapa huku macho yanajifunga. Nikawasomea haraka haraka, wakaondoka na boksi lao. Saa sita wakarudi. Jina la marehemu, mke wa yule baba, nilikuwa nimelikosea herufi mbili, likawa jina la mtu mwingine kabisa. Mazishi ni saa nane. Yule baba hakunifokea. Aliweka tu karatasi mezani, akaweka kidole juu ya lile jina, akaniangalia.

Nilichapa upya, gharama ikakatwa kwenye mshahara wangu, na ilikuwa haki. Usiku ule sikuandika. Wala kesho yake. Miezi saba na nusu ikapita sijaandika hata sentensi moja. Si kwamba niliichukia riwaya. Kila nikiifungua niliona lile deni.

Kosa lilikuwa nini?

Nilidhani kosa langu ni uvivu. Baadaye nikaona kosa ni hesabu. Nilichukua mwendo wa mtu mwingine, mwenye maisha mengine, nikautia kwenye siku yangu kwa nguvu. Katika Luka sura ya 14 Bwana wetu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anakaa chini, anapiga hesabu kama alichonacho kitatosha kumaliza. Mimi nilipiga hesabu ya mnara: maneno 50,000. Mfuko wangu sikuuhesabu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatulioni. Ile hesabu ya 50,000 ilitungwa na watu wanaoandika Kiingereza. Sisi tunaandika Kiswahili, lugha inayofunga mambo mengi ndani ya neno moja. "Nilipomwona" kwetu ni neno moja, wao wanaliandika kwa maneno manne. "Hatutakuambia" ni neno moja, kwao manne au matano. Kwa hiyo hadithi ile ile ikiandikwa Kiswahili, kwa kawaida idadi ya maneno inapungua. Anayekimbiza maneno 1,667 ya Kiswahili anaandika habari nyingi kuliko Mwingereza mwenye maneno 1,667. Basi usijipime kwa namba za wengine kabla hujajua wanapima kwa kibaba gani.

Jinsi nilivyopata namba yangu

Julai mwaka huu nilianza tena, na safari hii sikujiwekea lengo lolote kwa wiki nzima. Nilipima tu. Fanya hivi na wewe.

Kwanza, niliandika saa zangu zinakokwenda. Kazi, daladala, kufua, kupika zamu yangu, jumuiya Jumamosi asubuhi, mazoezi ya kwaya jioni yake, simu. Ndiyo, na simu pia, dakika nyingi za kutembeza kidole bila kutafuta kitu. Nikaona kuna dakika 40 ambazo hakuna mtu anazidai: kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Kuzipata ilibidi nilale mapema kidogo. Hiyo ndiyo bei, na niliweza kuilipa.

Pili, katika dakika hizo 40 niliandika bila kukimbia, kisha nikahesabu. Jumatatu 310. Jumanne 280. Jumatano 405. Alhamisi 190. Ijumaa 350. Jumamosi 325. Jumapili nikapumzika.

Tatu, nikachagua namba. Hapa uwe makini. Kishawishi ni kuchukua ile 405 na kusema, "Kumbe naweza 400!" Hapana. Ile ilikuwa siku nzuri, na riwaya haiandikwi na siku nzuri peke yake. Nilichukua 250, namba ambayo niliifikia siku tano kati ya sita. Kanuni yangu ni hii: lengo la siku liwe kiasi ambacho utakipata ukiwa umechoka kidogo, huna hamu sana, na mvua inanyesha.

Sasa piga hesabu. Maneno 250 mara siku sita ni 1,500 kwa wiki. Riwaya yangu nimeikadiria maneno 45,000. Gawanya: wiki 30. Kama miezi saba. Niliposhika kalamu nikaona hiyo "wiki 30" nilikaa kimya. Ile miezi saba na nusu niliyokaa nimenuna bila kuandika ingetosha kumaliza kitabu chote, na siku chache zingebaki.

Waliotutangulia walihesabu pia

Wapo wanaoona kuhesabu maneno ni mambo ya karani, na kwamba mwandishi wa kweli anasubiri msukumo umshukie. Tuwaangalie walioandika.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta kwa zaidi ya miaka 30. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Nusu saa ya kwanza alisoma alichoandika jana. Baada ya hapo aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na daftari la kuandika kurasa za kila siku, ili siku ya uvivu imkodolee macho. Aliacha riwaya 47. Mwenyewe aliyaeleza haya katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake.

Ukiangalia, yeye alipata maneno 250 kwa robo saa, mimi nayapata kwa dakika 40. Nilipojua hilo nilicheka. Lakini tulichofanana ni daftari na alfajiri, na hivyo ndivyo nilivyomwiga. Kasi yake nimemwachia mwenyewe.

Graham Greene, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926, alijulikana kwa maneno 500 kwa siku. Akiyafikisha anaacha, hata kama yupo katikati ya tukio. Ila kuna kipindi alivunja mwendo wake. Karibu na mwaka 1939, vita inanukia na yeye ana hofu ya familia yake kukosa fedha, aliandika riwaya moja ya haraka, The Confidential Agent, kwa wiki sita, maneno 2,000 kila asubuhi, akijisukuma kwa vidonge vya benzedrini. Alasiri aliendelea polepole na riwaya nyingine, The Power and the Glory, inayomhusu padre anayewindwa na serikali huko Mexico. Alieleza baadaye kwamba jioni mikono ilikuwa ikimtetemeka na huzuni inamwangukia, na nyumbani kwake mambo yakaharibika. Kati ya vitabu hivyo viwili, kinachohesabiwa miongoni mwa kazi zake kubwa ni kile cha polepole.

Nikakumbuka makopo yangu mawili kwa usiku. Nikakumbuka kidole cha yule baba juu ya jina.

Wa tatu ni Flannery O'Connor, Mkatoliki wa jimbo la Georgia, Marekani. Alipata ugonjwa wa lupasi akiwa bado na miaka ishirini na kitu, ugonjwa uliokuwa umemuua baba yake. Nguvu zake zilikuwa chache, na alizipeleka zote asubuhi: saa mbili tatu mezani kila siku, kisha basi. Alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39, akaacha riwaya mbili na hadithi fupi zaidi ya 30. Kwa hiyo kama wewe ni mgonjwa, au una mtoto mchanga, au unamuuguza mzazi, usiseme huna mwendo. Unao, ila ni mdogo, na mdogo nao unafika.

Mana haibebwi

Jambo lililoniokoa kuliko yote ni hili la deni. Ile Novemba, kila nisichokiandika leo kilihamia kesho. Kufika wiki ya pili nilikuwa siandiki tena riwaya, nalipa mkopo.

Nilipokuwa nasikiliza somo kutoka Kutoka sura ya 16 nikashtuka, maana ni sura niliyoisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Waisraeli jangwani wanaokota mana kila asubuhi, kila mtu kiasi cha kumtosha siku ile. Waliojaribu kuweka akiba ya kesho walikuta imeoza na ina mabuu. Siku ya sita tu ndiyo waliokota mara mbili, ili siku ya saba wapumzike.

Nikauchukua mpangilio ule kama ulivyo. Maneno ya leo ni ya leo. Nikikosa jana, leo ninadaiwa 250, si 500. Nikiandika 400 leo, kesho bado ninadaiwa 250, siruhusiwi kusema "nimejilipa mapema." Jumamosi nikiweza naongeza kidogo, na Jumapili sifungui faili kabisa. Mwanzoni Jumapili ilikuwa inaniuma, naona kama napoteza siku. Sasa naona Jumatatu ndiyo siku yangu bora, kwa sababu nimekaa na hamu.

Utauliza: kama deni halihamishwi, si utakuwa unajidanganya na kukosa kila siku? Ndiyo maana kuna daftari. Deni halihamishwi, lakini siku iliyokosekana inaandikwa: tarehe, sifuri, na sababu kwa maneno mawili. "Homa." "Msiba." "Simu." Mwisho wa mwezi nazisoma. Nikiona "msiba" na "homa," sina la kujilaumu. Nikiona "simu" mara tano, hapo kuna kitu cha kupeleka kwenye kitubio. Nikikosa siku tatu katika wiki mbili mfululizo bila sababu ya maana, najua namba yenyewe ni kubwa kwangu, naishusha. Kushusha namba ni kurekebisha kamba ya mzigo. Ukiacha ikulegee utaubwaga njiani.

Kanuni tano ninazotumia

*1. Mahali pamoja, saa moja ile ile.* Mimi ni kwenye stuli jikoni, saa kumi na moja alfajiri. Sala fupi, chai ya rangi, naanza. Mwili umeshazoea, sigombani nao tena kila siku kama tuandike au tusiandike. Ukijiambia "nitaandika nikipata nafasi," nafasi haipatikani.

*2. Acha ukiwa bado unajua kinachofuata.* Ernest Hemingway ndiye aliyelisema hili kwenye mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958. Usiandike mpaka kisima kikauke. Mimi nikifika 250 naandika mstari mmoja chini: "Kesho: mama mkwe anafungua kapu." Kesho yake nikikaa, nina pa kuanzia.

*3. Usisahihishe katika muda wa kuandika.* Nilikuwa nafuta sentensi moja mara sita, dakika 40 zinaisha nina maneno 60 mazuri. Sasa nikikwama kwenye neno naweka alama ya kuuliza, nasonga. Mswada wa kwanza ni unga, bado haujawa ugali. Kusahihisha kutakuwa na mwendo wake, na hapo nitabadilisha kipimo: kurasa tano kwa siku badala ya maneno.

*4. Siku za utafiti zihesabu kwa dakika.* Kuna siku sina cha kuandika kwa sababu sijui kitu. Mtumbwi ule waliuziba kwa nini? Mahari ilipelekwa na nani? Siku hiyo nampigia shangazi au mzee mwingine wa kijijini, dakika 40, nachukua maelezo. Naiandika kwenye daftari kama siku kamili. Ila isizidi mara moja kwa wiki, maana utafiti ukiachiwa unakuwa maficho.

*5. Mwendo usile haki ya mtu.* Hii nimejifunza kwa gharama. Kama maneno yangu yananifanya nisinzie kazini, nimjibu mama vibaya, au niache zamu yangu ya kupika, basi si maneno yangu, nimeyaiba. Anayestahili macho yangu saa tatu asubuhi ni mteja aliyefiwa, hata kama riwaya ni tamu kiasi gani.

Na ya nyongeza, ya kidunia kabisa: tunza nakala. Kila Jumamosi najitumia faili kwa barua pepe. Simu inaibwa ndani ya sekunde tatu stendi, na pamoja nayo miezi yako.

Mwendo ulio wako na usio wako

Ukerewe kwa babu yangu kumetoa waandishi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kisiwani humo, na riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Lakini kabla yake alikuwepo Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari Wakatoliki katika seminari ya Rubya. Aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya maisha ya mababu zake, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka waliotafuta mtoto kwa muda mrefu, na watoto wao. Aliimaliza mwaka 1945. Hakukuwa na mchapishaji wa kitabu kikubwa namna ile kwa Kikerewe. Uzeeni alikaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kizima. Kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki.

Miaka 35 kati ya nukta ya mwisho na mashine ya kuchapa! Mimi nilikata tamaa kwa siku 14.

Habari yake imenifundisha kutenganisha vitu viwili. Kuna mwendo ulio mkononi mwangu: dakika 40 na maneno 250. Na kuna mwendo usio mkononi mwangu: mchapishaji atasema nini, tuzo itakwenda kwa nani, nani atasoma, nani atakuwa bado yupo kitabu kikitoka. Tuzo zipo, kwa mfano ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu hapa kwetu, na ni vizuri kuzilenga. Ila usiweke mwendo wako wa kila siku juu ya kitu ambacho huwezi kukisukuma. Kitereza alikimaliza kwanza kile kilichokuwa chake kumaliza.

Sura ya tisa

Oktoba nilipata ruhusa ya siku tatu, nikapanda meli kwenda Nansio. Nilikuwa nimebeba karatasi, sura tisa, nimeziprinti kwa maandishi makubwa, sijui kwa nini, maana babu hasomi. Pengine ni mazoea ya kazini.

Babu alikuwa kwenye kiti chake chini ya mwembe. Alinisalimia vizuri, kwa adabu kama mgeni. Hakunitaja jina. Nikakaa, nikamwuliza kama nimsomee hadithi, akasema soma.

Nikamsomea sura ya tisa. Ni habari ya kijana aliyepiga kasia usiku kucha kwenda kuchumbia upande wa pili, amebeba kamongo mkubwa kama zawadi kwa wazazi wa binti, akajifaragua nao mpaka uani. Kumbe ukoo ule kamongo ni mwiko kwao. Mama mkwe akafungua kapu, akapiga ukelele. Habari hiyo alinisimulia yeye mwenyewe nikiwa darasa la tano. Yule kijana ni yeye. Yule binti ni bibi, aliyefariki miaka sita iliyopita.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu kijana mjinga kweli!" akasema. "Kwa nini hakuuliza kwanza?"

Kisha akanyamaza, akaniinamia. "Lakini alimpata yule binti?"

Nikamwambia, "Alimpata, babu."

Akasema, "Afadhali."

Shangazi aliyekuwa anachambua mchicha pembeni akainuka akaingia ndani.

Vijana wenzangu, kama ningesubiri nipate mwezi mzima wa kuandika kama mwandishi mkubwa, nisingekuwa na sura ya tisa siku ile. Ilikuwa maneno 250, mara sita, wiki baada ya wiki. Ahadi yangu ilikuwa nimsomee, na sehemu ya ahadi nimeitimiza, ingawa si kwa namna niliyoiwazia.

Sasa tupo kwenye Majilio. Nipo wiki ya 22. Kwa hesabu kamili ningekuwa na maneno 33,000. Ninayo 31,400. Zile 1,600 zipo kwenye daftari na sababu zake, na sizilipi.

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari dogo, hata la kurasa 40. Leo usiku orodhesha saa zako zinakokwenda, bila kujionea haya. Tafuta dakika 20 hadi 40 ambazo hazidaiwi na mtu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi andika katika dakika hizo, bila lengo, na uhesabu ulichopata kila siku. Jumapili pumzika. Baada ya Misa angalia zile namba sita, uchague ile ambayo ungeifikia siku tano kati ya sita. Iandike kwenye jalada la daftari. Hiyo ndiyo yako.

Halafu jiulize maswali haya matatu, ikiwezekana na rafiki mmoja anayeweza kukuambia ukweli:

Je, namba hii nimeipata kwenye maisha yangu, au nimeiazima kwa mtu ninayemwonea wivu?

Je, kuna mtu nyumbani au kazini atakayelipa gharama ya mwendo wangu?

Je, kuna ambaye namwandikia, na nina hakika atanisubiri?

Hilo la mwisho usilijibu haraka. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa kwenye stuli yangu. Mstari niliojiachia unasema: "Kesho: wanarudi na mtumbwi, hakuna anayeongea." Tukumbukane katika sala.

Tumsifu Yesu Kristo.